Neno "Mionzi" Limebebeshwa Mno: Uhakiki wa Istilahi za Asidi Amino Nururifu katika Kupiga Picha za Uvimbe

Utangulizi

Kila fani mpya inapobisha hodi katika lugha, mfasiri hushawishika kwanza kutafuta neno lililo karibu naye na kulibebesha mzigo wote wa fani hiyo. Mara nyingine neno hilo hustahimili. Mara nyingine huelemewa, na likielemewa hasara humwangukia msomaji, ambaye hana habari kwamba neno alijualo limekwisha kupewa kazi nyingine.

Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi za fani moja nyembamba, nayo ni utengenezaji wa kampaundi za asidi amino zilizotiwa alama nururifu kwa ajili ya kupiga picha za uvimbe. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, fani hii si ya mbali tena. Siklotroni na mashine za picha za positroni zimekwisha kufika Nairobi, na kila mashine ya namna hiyo huja na fomu za ridhaa, maelezo ya wagonjwa, miongozo ya wauguzi na barua za ofisi, ambazo zote zahitaji Kiswahili. Pili, fani hii hufichua wazi kasoro za mazoea yetu ya kutafsiri, kwa kuwa ndani yake neno lisilo sahihi halichukizi sikio tu, bali huweza kumfanya mgonjwa akatae kipimo kinachomfaa, au aondoke hospitalini akidhani amekwisha kutibiwa.

Hoja yangu ni moja. Istilahi za fani hii zitafaa iwapo zitatokana na tendo linalotendeka mwilini. Zikifuata umbo la neno la Kiingereza, au matumizi ya dawa kama yalivyo leo, zitapotosha.

1. Dhana yenyewe

Kabla ya kuhakiki maneno hapana budi kueleza mambo. Protini za mwili hujengwa kwa asidi amino. Seli zinazokua na kugawanyika kwa kasi, kama zilivyo nyingi za seli za saratani, huzihitaji kwa wingi, na aghalabu huongeza katika utando wao protini maalum zinazozichukua asidi hizo kutoka nje na kuziingiza ndani. Mojawapo ya protini hizo, iitwayo LAT1, ilibainishwa mwaka 1998. Wanakemia basi hutengeneza asidi amino, au kampaundi inayofanana nayo, yenye atomu nururifu ndani yake. Mgonjwa hudungwa kiasi kidogo sana cha kampaundi hiyo, sehemu ndogo tu ya miligramu moja. Husafiri na damu, ikachukuliwa zaidi na seli zenye uhitaji mkubwa, na mashine iliyo nje ya mwili huonyesha mahali ilipokusanyika.

Yafaa kuuliza kwa nini asidi amino, wakati sukari ilikwisha kupatikana. Mwaka 1976, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania huko Marekani, zilipatikana picha za kwanza za binadamu kwa kutumia kampaundi ya jamii ya glukosi iliyotiwa florini 18. Kampaundi hiyo, ijulikanayo kwa herufi FDG, hata leo ndiyo inayotumika zaidi katika picha za positroni za saratani. Lakini ina upungufu. Ubongo wenye afya hutumia glukosi nyingi, na kwa hiyo uvimbe ulio ndani ya ubongo huweza kufichika katikati ya mng'ao wa jirani zake. Aidha, seli za kinga zinazokusanyika penye mchochota nazo huitumia glukosi kwa wingi, na picha yake huweza kufanana na ya saratani. Asidi amino hazichukuliwi sana na ubongo wenye afya. Ndiyo maana watafiti wakazigeukia.

Wazo hilo halikuanza jana. Mapema katika miaka ya 1960 methionini ambayo salfa yake iliondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na seleni 75 ilitumiwa kupiga picha za kongosho, kiungo kinachotengeneza protini nyingi. Baadaye ilikuja methionini yenye kaboni 11, kisha mwishoni mwa miaka ya 1990 huko Ujerumani ikaja floroethili-tirosini, au FET, na huko Atlanta, katika Chuo Kikuu cha Emory, ikaja flusiklovini. Basi tuyatazame maneno tunayoyatumia kueleza mambo haya.

2. Mionzi

Katika Kiswahili cha kila siku mionzi ni ya jua. Fani ya tiba ililichukua neno hilo, na hapana ubaya. Ubaya ni kwamba limebebeshwa mizigo minne kwa wakati mmoja. Mionzi ni eksirei. Mionzi ni tiba ya kuua seli za saratani. Mionzi ni tabia ya dutu kama iodini 131 au florini 18. Na mionzi ni jina la idara nzima pamoja na kila kifanywacho humo, hata utrasaundi, ambayo hutumia mawimbi ya sauti tu.

Tuitazame sentensi hii, ambayo kwa sarufi haina kosa: "Mama atachomwa mionzi ili uvimbe uangaliwe." Neno kuchomwa lina maana ya kudungwa sindano, na pia lina maana ya kuunguzwa. Likikaa kando ya neno mionzi, maana ya pili hupata nguvu. Msomaji aweza kuelewa kwamba mama atapigwa eksirei, au ataunguzwa uvimbe wake, au atadungwa kampaundi nururifu. Ni maana ya tatu tu iliyokusudiwa na mwandishi.

Tuchukue mfano wa kubuni wa bibi aliyepewa karatasi yenye sentensi kama hiyo. Anamwuliza muuguzi: "Mwanangu, hiyo mionzi ndiyo dawa yenyewe?" Muuguzi asiyekuwa na neno la pili atajibu nini? Akisema ndiyo, bibi aweza kurudi kijijini akiamini amekwisha kutibiwa. Akisema siyo, bibi atauliza kwa nini basi jirani yake aliyepewa mionzi aliambiwa kuwa ni dawa. Muuguzi ana maarifa ya kutosha. Kinachomwangusha ni kwamba dhana mbili amepewa chini ya jina moja.

Kuna tofauti ya msingi ambayo neno hili huifunika. Katika eksirei mashine hutuma miali, nayo hupita mwilini. Katika tiba ya mionzi iliyo ya kawaida mashine hutuma mionzi mikali ili iue seli. Katika kazi tunayoizungumzia miali hutoka ndani ya mgonjwa, na mashine hupokea tu. Florini 18 hutoa positroni. Positroni ikikutana na elektroni zote mbili hutoweka na kuzaa fotoni mbili zinazokwenda pande mbili zinazopingana, kila moja ikiwa na nishati ya kiloelektronivolti 511. Mashine huzinasa zote mbili kwa pamoja, ikakadiria mstari zilikotokea. Ni kweli kwamba mashine nyingi za leo zimeunganishwa na ile ya eksirei ya matabaka, ambayo hutuma miali. Lakini hizo ni kazi mbili, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa kila moja kwa jina lake.

Bahati nzuri lugha ina maneno ya kutosha. Neno nuru limekwisha kutuzalia mnururisho, nururifu na unururifu. Napendekeza tuyagawie kazi. Mionzi ibaki kwa miali yenyewe na kwa "tiba ya mionzi", maana istilahi hiyo imeshika mizizi. Mnururisho uwe tendo la kutoa miali. Nururifu iwe sifa ya atomu au ya kampaundi. Na mahali pa "kuchomwa mionzi" tuseme "kudungwa kifuatilio nururifu", istilahi nitakayoieleza hapa chini.

3. Mchanganyiko au kampaundi?

Katika rasimu za tafsiri hukutana mara kwa mara na maneno "mchanganyiko wa asidi amino na florini". Mfasiri ameepuka neno kampaundi kwa kuliona ni geni, akachagua neno linalofahamika na kila mpishi. Nia yake ni njema, lakini amebadilisha kemia.

Chai yenye sukari ni mchanganyiko. Sukari na maji vimekaa pamoja bila kufungamana, na ukiyakausha maji sukari hubaki. Kampaundi ni kitu kingine, kwa kuwa atomu zake zimefungamana zikawa molekuli moja. Mwalimu wa kidato cha pili huwafundisha wanafunzi wake tofauti hii mapema kabisa. Haiwezekani sisi watafsiri tuifute katika maandishi ya watu wazima.

Tena katika fani hii tofauti hiyo haibaki darasani. Florini 18 ikiachana na asidi amino ndani ya mwili, haitakwenda tena kwenye uvimbe, bali itaelekea kwenye mifupa, maana floridi hupenda mfupa. Picha itakayopatikana itakuwa ya mifupa. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya kazi ya mtengenezaji ni kuhakikisha kwamba kifungo kati ya alama na molekuli hakikatiki. Mfasiri anayeandika "mchanganyiko" ameificha shida ambayo watafiti wametumia miaka kuishughulikia. Kampaundi ni neno la kukopa, lakini limekwisha kuingia katika vitabu vya kemia, na wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

4. Alama, lebo, chapa

Je, atomu nururifu iliyofungwa katika molekuli tuiiteje? Mapendekezo matatu husikika.

La kwanza ni lebo. Lebo ni karatasi ibandikwayo kwenye chupa. Husomwa kwa macho, na hubanduka. Atomu hii haisomwi kwa macho, na kama tulivyoona, ikibanduka kazi yote imeharibika. Neno limefuata sauti ya Kiingereza, halikufuata tendo.

La pili ni chapa. Mfugaji humpiga ng'ombe chapa, nayo haifutiki. Hapo tumekaribia. Lakini katika biashara ya leo chapa imekuwa jina la bidhaa, na "asidi amino yenye chapa" itaeleweka kuwa ni ile ya kampuni fulani.

La tatu ni alama, na kitenzi chake kutia alama. Neno hili ni pana, halina madoa, na hukubali viambishi vyote: kutia alama, utiaji alama, iliyotiwa alama. Mwalimu anayetaka kulifafanua darasani aweza kumtaja mvuvi wa pwani ambaye akizamisha dema huacha chelezo juu ya maji. Dema halionekani, lakini chelezo huonyesha lilipo. Hata hivyo chelezo libaki kuwa mfano wa kufundishia, tusilifanye istilahi.

Kuna jambo moja ambalo mfasiri hana budi kulichunga. Utiaji alama ni wa namna mbili. Katika methionini yenye kaboni 11, atomu moja ya kaboni ya kawaida imebadilishwa kwa ndugu yake aliye nururifu. Kikemia, methionini hubaki methionini, na mwili waweza kuitumia kujenga protini. Katika FET, kikundi kigeni chenye florini kimepachikwa juu ya tirosini. Kampaundi mpya imezaliwa, ambayo huingia ndani ya seli lakini haijengwi katika protini. Kwa hiyo "methionini nururifu" ni tafsiri sahihi, ilhali "tirosini nururifu" kwa maana ya FET ni kosa. Anayesoma tafsiri hiyo ya pili atadhani picha inaonyesha protini zinavyojengwa, wakati inaonyesha tu namna asidi amino zinavyochukuliwa.

5. Kifuatiliaji au kifuatilio?

Dutu nzima inayodungwa ili njia yake ichunguzwe nayo yahitaji jina. Mwanzilishi wa mbinu hii, George de Hevesy, akiwa na Friedrich Paneth huko Vienna mwaka 1913, aliita dutu za namna hii kwa neno lenye maana ya kionyeshi. Mwaka 1923 alitumia risasi nururifu kuchunguza jinsi mmea wa jamii ya maharage unavyoipokea kwa mizizi. Alipopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1943, Kiingereza kilikuwa kimekwisha kuhamia kwenye neno lenye maana ya mfuata nyayo. Tunaona basi kwamba hata wenye fani walibadilisha mtazamo, wakatoka katika kuonyesha wakaenda katika kufuata.

Wenzetu wengine huandika kifuatiliaji. Kimofolojia neno hilo ni sahihi, lakini tamati -ji humtaja mtenda. Je, ni dutu inayofuatilia? Anayefuatilia ni daktari, na dutu ni chombo cha kumwezesha. Kiswahili kina njia ya kutaja chombo kwa tamati -o: kuziba huzaa kizibo, kufunika huzaa kifuniko, kuchochea huzaa kichocheo. Kwa kanuni hiyo hiyo kufuatilia kutazaa kifuatilio. Ni neno fupi, lina wingi wake vifuatilio, na halidai kwamba dutu ina akili ya kufuata.

Protini inayoiingiza asidi amino katika seli nayo tuipe jina kutokana na kuchukua. Mchukuzi ni mtu. Katika ngeli ya vitu tutapata kichukuzi. Na tendo lenyewe litakuwa uchukuaji. Baadhi ya watafsiri hupenda ufyonzaji, lakini neno hilo limekwisha kushika kazi katika somo la mmeng'enyo wa chakula. Zaidi ya hayo, kufyonza ni kama sifongo kunywa maji yoyote yaliyo mbele yake, ilhali kichukuzi huchagua. Huzipendelea asidi amino za umbo la L, ambazo ndizo za kawaida katika protini zetu, kuliko za umbo la D, ingawa maumbo hayo mawili yanafanana kama kandambili ya kushoto na ya kulia. Herufi hizo zisitafsiriwe ndani ya majina ya kampaundi. Ni alama za kimataifa za mpangilio wa atomu.

6. Uvimbe

Husemwa kwamba Kiswahili ni maskini kwa kuwa uvimbe ni wa jipu, wa kifundo kilichoteguka na wa saratani pia. Lawama hiyo haina haki. Neno la Kilatini lililoingia katika Kiingereza na Kifaransa nalo lilikuwa na maana ya kuvimba tu, na Mrumi Celsus alilitaja kuwa moja ya dalili nne za mchochota pamoja na wekundu, joto na maumivu. Saratani nayo, tuliyoipata katika Kiarabu, maana yake ya asili ni kaa, na kansa ya Kilatini maana yake ni kaa vilevile. Umaskini, kama ni umaskini, ni wa wote.

Pamoja na hayo, katika fani hii utata huo huuma. Tumeona kwamba kisa kimojawapo cha kutafuta asidi amino ni kutofautisha saratani na mchochota. Tafsiri inayoviita vyote viwili "uvimbe" huufanya utafiti mzima uonekane hauna sababu. Yafaa basi tuandike uvimbe wa saratani pale ilipothibitishwa, uvimbe peke yake pale asili haijajulikana, na mchochota kwa mwitikio wa kinga. Wala tusiahidi kupita kiasi. Asidi amino nazo huweza kukusanyika pasipo na saratani, na uvimbe mwingine hauzichukui vya kutosha kuonekana. Kwa hiyo matokeo yasitafsiriwe "hakuna saratani". Kilichoripotiwa ni kwamba "hakuna mkusanyiko usio wa kawaida ulioonekana". Sentensi ya pili ni ndefu, lakini ndiyo ya kweli.

7. Majina ya dawa

Hapa wamo wanaotaka kila jina liundwe upya kwa mizizi yetu. Nawaheshimu, kwani mwacha asili ni mtumwa. Lakini jina la kampaundi ni anwani. Daktari, mfamasia na afisa wa forodha hawana budi kuifikia dutu ile ile. Shirika la Afya Duniani lina utaratibu wa majina ya dawa yasiyo ya kibiashara, ambao ulianza kutumika mwaka 1953 kwa lengo hilo hilo. Waliotutangulia katika sayansi nao walikopa: isotopu ni neno la Kigiriki lenye maana ya mahali pamoja, ambalo Frederick Soddy alilitangaza mwaka 1913 baada ya kupendekezewa na daktari Margaret Todd.

Wengine hupendekeza tuite dawa kwa kazi yake, kwa mfano "dawa ya picha ya ubongo". Historia ya flusiklovini inatuonya. Watafiti wa Emory walipochapisha matokeo yake ya awali mwaka 1999 walikuwa wakitazama uvimbe wa ubongo. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha matumizi yake kwa wanaume wanaoshukiwa kuwa saratani ya tezi dume imewarudia baada ya tiba. Mojawapo ya faida zake ni kwamba haiendi kwa wingi haraka kwenye mkojo, na hivyo kibofu hakifuniki picha ya jirani yake. Lau tungaliipa jina la ubongo mwaka 1999, leo mgonjwa wa tezi dume angesoma karatasi yake akashangaa kichwa chake kina kosa gani.

Kuhusu tahajia, kuna wanaofuata matamshi ya Kiingereza wakaandika tairosini, na wanaofuata maandishi wakaandika tirosini. Mimi niko upande wa pili. Wasomaji wa Kiswahili walioko Kongo, Burundi na Rwanda wengi wamesoma sayansi kwa Kifaransa. Tirosini na methionini wataitambua mara moja, ila tairosini itawapa taabu. Nakubali kwamba maneno kama haidrojeni yamekwisha kuzoeleka, nayo yasiguswe. Kanuni hii ni ya maneno yajayo.

8. Nusumaisha, kuoza na kipimo

Nusumaisha ni istilahi iliyozoeleka na sipendekezi iondolewe. Lakini katika maandishi ya umma isiachwe peke yake. Nusumaisha ya florini 18 ni dakika 110 hivi. Msomaji asiyeijua dhana atadhani kwamba zikipita nusu mbili, yaani dakika 220, kila kitu kimekwisha. Sivyo, imebaki robo, na zikipita 330 imebaki sehemu moja ya nane. Zikitimia nusumaisha kumi, yaani kama saa 18, imebaki chini ya sehemu moja ya elfu. Kaboni 11 ni ya dakika 20 tu, na ndiyo sababu methionini yake hutumika mahali penye siklotroni jirani. Sentensi moja ya maelezo yatosha, isemayo kwamba ni muda ambao unururifu hupungua hadi nusu.

Kuhusu atomu zenyewe, baadhi ya maandishi husema kwamba "huoza". Neno hili lisikaribishwe katika karatasi za wagonjwa. Kiozacho hunuka na hudhuru, na hakuna atakayeridhia kitu kioze ndani ya mishipa yake. Ukweli ni kwamba florini 18 hugeuka kuwa oksijeni 18, ambayo si nururifu na ipo hata katika maji tunayokunywa. Tuseme basi kwamba atomu hugeuka na unururifu hufifia.

Mwisho ni kipimo. "Kipimo cha mionzi" chaweza kuwa uchunguzi, chaweza kuwa kiasi, na chaweza kuwa chombo cha kupimia. Afisa akiandika "kipimo kisizidishwe", je, amekataza uchunguzi wa pili au dozi kubwa? Kwa kuwa dozi limekwisha kuenea hadi zahanati za vijijini, tulitumie kwa kiasi, na kipimo kibaki kwa uchunguzi.

Hitimisho

Wapo watakaosema kwamba istilahi ni za wataalamu, na mgonjwa atafafanuliwa na daktari wake. Lakini daktari aliyesomea fani yake kwa Kiingereza humweleza mgonjwa kwa maneno aliyoyakuta katika karatasi tulizomtafsiria. Karatasi ikikosea, ufafanuzi nao utakosea.

Kwa ufupi, napendekeza yafuatayo yajadiliwe: kifuatilio kwa dutu inayofuatiliwa, kutia alama kwa kitendo cha kuifanya nururifu, kampaundi, kamwe si mchanganyiko, kichukuzi na uchukuaji kwa njia ya kuingia katika seli, mchochota utengwe na uvimbe, dozi itengwe na kipimo, mionzi ipunguziwe mzigo kama ilivyoelezwa, na majina ya kampaundi yakopwe kwa kufuata maandishi. Ili wasomaji wapime kama maneno haya hubeba kazi, natoa aya moja ya karatasi ya mgonjwa iliyoandikwa kwayo:

"Utadungwa dozi ndogo ya kifuatilio nururifu. Kifuatilio hiki hufanana na asidi amino, yaani vitu ambavyo mwili hutumia kujengea protini. Seli zinazokua kwa kasi huzichukua zaidi. Mashine itapokea miali inayotoka mwilini mwako na kuonyesha mahali kifuatilio kilipokusanyika. Hiki ni kipimo, si tiba, hakitauondoa uvimbe. Unururifu wake hufifia, na ifikapo kesho karibu wote utakuwa umekwisha."

Hakuna neno hapo linalomtaka msomaji awe na shahada. Walimu, watafsiri na maafisa watakaoliona neno lolote kuwa na kasoro wanaombwa walete lililo bora pamoja na sababu zake, kabla fomu hazijachapishwa kwa maelfu na kosa likawa mazoea.